Kazi ya kweli inakulipa, haikudai: somo la riyali 140

Nimefundisha hesabu na Kiingereza miaka 31, kwanza Mombasa, kisha hapa Muscat mpaka nikastaafu. Kwa hiyo ninapowaambia kuwa mwaka juzi nilitapeliwa jikoni kwangu, miwani usoni na kikombe cha chai mkononi, mjue si jambo jepesi kulisema. Nalisema kwa sababu najua ziko nyumba nyingi limewafika na wamenyamaza.

Mkaza mwana wangu ana watoto wawili, na yule mdogo wakati huo alikuwa bado ananyonya. Mumewe, yaani mwanangu, kazini kwao walipunguza saa na mshahara ukapungua nao. Huyu binti mkono wake wa jikoni Mungu kaubariki. Sambusa zake, kachori na mkate wa kumimina, majirani wa Al Khoud walianza kumwagizia tangu Ramadhani. Akataka iwe biashara hasa. Lakini biashara inataka friza, mashine ya kukandia unga na vyombo vya kufungia. Kukopa hataki, na pesa ya nyumba haiguswi.

Akaniambia, "Mama, nitafute kikazi cha kufanya hapa hapa nyumbani, saa mbili tatu mtoto akilala. Nikipata mtaji nianze."

Nikamwambia, "Wazo zuri, mwanangu." Na lilikuwa zuri kweli.

Walivyotuingia

Siku chache baadaye ikaja meseji ya WhatsApp. Kazi ya nyumbani, saa moja kwa siku, kusifia hoteli mtandaoni kwa kubonyeza nyota. Akaniuliza. Nikasema jaribu, kujaribu si kununua. Jioni ile ile zikaingia riyali 2 kwenye akaunti yake, kesho yake 3. Nilipoona pesa imeingia kweli, miye mwenyewe nikasema, "Hawa ni wakweli." Hapo ndipo nilipokosea. Zile riyali 5 hazikuwa mshahara, zilikuwa chambo.

Wakamtia kwenye kundi la Telegram. Humo kila mtu anashukuru, huyu kalipa ada za watoto, yule kanunua gari. Leo nadhani nusu yao alikuwa mtu mmoja mwenye simu kumi. Kisha ikaja "kazi maalumu": weka riyali 15 upate 22. Akaweka. Ukurasa ukaonesha faida imo, lakini haitoki mpaka amalize hatua ya pili, riyali 45. Akaweka. Hatua ya tatu ikawa 80, na yeye hana tena. Akaja kwangu analia. Nikafungua kopo langu la pensheni nikampa. Jumla riyali 140. Usiku ule ule wakadai 210, la sivyo zote zinapotea. Ndipo tukatazamana.

Tukapiga simu benki, wakafunga kadi. Tukaripoti polisi, Oman ina sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2011, na kuripoti si aibu. Pesa hazikurudi. Wiki moja baadaye akapiga "wakili" anayeweza kuzirudisha kwa ada kidogo. Ni wale wale, wamebadilisha kofia. Mwingine akamwomba apokee pesa za watu kwenye akaunti yake azipeleke mbele, abaki na sehemu. Jamani, hilo ni baya kuliko kuibiwa. Pesa hiyo huwa ya mtu mwingine aliyelizwa, na jina litakalokutwa benki ni lako.

Si sisi peke yetu. Marekani, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilieleza kuwa mwaka 2020 haikupata ripoti hata moja ya utapeli wa namna hii. Mwaka 2023 zilifika kama 5,000, na nusu ya kwanza tu ya 2024 zikawa kama 20,000. Hao ni waliosema.

Siku tatu tulimficha mwanangu. Siku ya nne nikamwambia mwenyewe, nikataja na lile kopo langu, ili lawama isimwangukie mkewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Pesa zitapatikana. Msinifiche tu." Mkaza mwana wangu alilia siku hiyo kuliko siku ya kuibiwa.

Maswali matatu kwenye mlango wa friji

Baada ya hapo nilichukua karatasi nikaandika maswali matatu, nikayabandika kwenye friji.

La kwanza: nani anayelipa, na anapata nini kwa kunilipa? Kama huoni faida ya mwajiri, basi faida ni wewe.

La pili: pesa inatoka upande gani kwanza? Kazi ya kweli haikudai ada ya kujiandikisha, wala amana, wala kununua hatua.

La tatu: yupo mtu ninayemjua kwa sura aliyefanya kazi hii na akalipwa?

Kwa maswali hayo, kazi tisa katika kumi alizoziona ziliangukia mlangoni. Ile ya kumi tulikuwa nayo mdomoni siku zote: Kiswahili. Jamaa zetu walioko Uingereza wana watoto wasioweza kuzungumza na bibi zao. Hata hapa Muscat wako wengi, Kiarabu sawa, Kiingereza sawa, Kiswahili wanasikia tu, hawajibu. Akaanza na mtoto wa binamu yake, somo la kwanza bure. Mama wa mtoto akamwambia mwenzake, wakawa watano. Kila mmoja somo moja kwa wiki, riyali 3, kwa njia ya video. Saa pia zilimfaa. Saa 11 jioni ya London, watoto wametoka shule, huku ni saa 2 usiku wakati wa kiangazi na saa 3 wakati wa baridi, na mdogo wake kalala.

Juu ya hapo akapata ofisi moja ya tafsiri mjini, inayompa rekodi za Kiswahili azisikilize na kuziandika. Walimpa nusu ukurasa wa majaribio, wakampigia simu, wakataja malipo, na hawakuomba hata baisa. Ni kazi ya kuumiza masikio na haina utajiri. Lakini mwisho wa mwezi pesa inaingia.

Masomo yalimpa kama riyali 60 kwa mwezi, uandishi kama 20. Miezi minne akanunua friza iliyotumika, mashine ya unga na maboksi, na akiba ikabaki.

Hesabu ya sambusa

Hapa nataka niende taratibu, maana wengi wanaikimbia sehemu hii. Alikuwa akiuza sambusa 20 kwa riyali moja na nusu, na wateja hawaishi. Nikamwuliza, "Unapata ngapi?" Akasema, "Nyingi, Mama." Mimi nilisoma sekondari ya misheni, na mtawa aliyetufundisha hesabu hakukubali jibu bila kuona njia. Tukakaa na kalamu: nyama, unga, mafuta, vitunguu, gesi, boksi, dereva wa kupeleka. Ikatoka riyali 1 na baisa 300. Kwa hiyo saa mbili za kusimama jikoni zilikuwa zinampa baisa 200. Alikuwa anawalisha watu sadaka bila kunuia.

Akapandisha bei kuwa riyali mbili na nusu. Wateja kadhaa wakaondoka wakinung'unika. Zamani angerudisha bei chini kwa woga. Safari hii hakuwa na woga, kwa sababu ya wale wanafunzi watano. Hicho ndicho kikazi kidogo cha halali kinachokupa zaidi ya mtaji: unaweza kumwambia hapana mteja anayekutia hasara, na ukamwambia hapana tapeli pia. Mwenye njaa ya pesa leo leo hana nguvu hiyo.

Ingia kwa mlango wa mbele

Yeye ni raia, akaomba leseni ya biashara ya nyumbani kwa njia ya mtandao wa wizara ya biashara. Chakula kina masharti yake ya usafi, ulizeni baladia kabla ya kununua vyombo. Walioko hapa kwa viza ya familia wasidhani kazi ya nyumbani haihesabiwi kazi, ulizeni kwanza. Huko Emirates nako hata kazi ya saa chache inataka kibali. Mlioko Uingereza, mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kwa kawaida hayahitaji kutangazwa; yakizidi, jiandikisheni. Marekani, faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka, fomu ya kodi inakungoja.

Leo anafundisha wanafunzi wawili tu, na oda za Ijumaa zinamtosha. Yale maswali bado yako kwenye friji, karatasi imeshiba mafuta.

Ombi langu ni kwetu wazee. Binti akija na meseji ya kazi, usimcheke wala usimsukume. Kaa naye, ulizeni maswali matatu. Na akija ameshalizwa, usimpigie kelele. Piga benki usiku huo huo, kisha mwambieni mwenye nyumba. Matapeli wale walituchukua 80 za mwisho kwa sababu tulikuwa tunaificha ile 60 ya mwanzo.