Soketi za Mkono kwa Taa za Kale

Katika nyumba ya marehemu mjomba wetu huko Kanyangi, kaunti ya Kitui, pana saa isiyofanana na nyingine. Haina akrabu. Ina taa nne za kioo, na ndani ya kila taa huwaka tarakimu moja, nyekundu kama kaa la moto. Mjomba, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliiunda kwa mikono yake siku za ufundi wake wa redio. Mkaza mjomba huitazama usiku akingojea alfajiri, wala hatujapata kumsikia akitamani saa nyingine.

Mwaka jana waya mmoja ulikatika. Miguu ya taa ilikuwa imelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Fundi aliyeitwa akaushikilia mguu kwa chuma cha moto hadi kioo kikapasuka shinani. Hewa ikaingia, taa ikafa. Zikabaki tatu, na moja ya akiba sandukuni. Ikiharibika hiyo nayo, saa imekwisha.

Taa hizi si za kununuliwa dukani. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilizieneza tangu 1955 kwa jina la Nixie, na Warusi nao wakatengeneza zao. Katika miaka ya 1970 vitaa vidogo vya LED vikazinyang'anya nafasi. Ndani ya kila taa zimepangwa tarakimu kumi za waya mwembamba, moja nyuma ya nyingine, katika gesi ya neoni. Tarakimu inayopelekewa umeme ndiyo inayong'aa.

Binti wa mjomba, aliyerithi sanduku la vifaa la babake, ndiye aliyepata ufumbuzi: taa isilehemiwe tena, ila ichomekwe. Soketi za kiwandani ni adimu, basi akaziunda mwenyewe.

Taa za saa hii ni za Kirusi, aina ya IN-12B, zenye miguu 12: kumi ya tarakimu, mmoja wa nukta, na mmoja wa kuingizia umeme. Unene wa mguu hukaribia milimita moja, nao huingia barabara katika plagi za printa za zamani zenye matundu 25. Taa nne zahitaji vishikio 48. Plagi mbili kuukuu hutoa 50. Akazivunja plastiki kwa koleo, akavitoa vishikio vya shaba kimoja kimoja.

Kisha akapaka wino nchani mwa miguu ya taa, akaigandamiza juu ya karatasi ngumu, akapata ramani ya matundu. Akaitoboa ramani hiyo kwenye kipande cha ubao wa saketi usio na shaba. Akavivika vishikio kwenye miguu ya taa yenyewe, iliyopakwa mafuta kidogo ya mgando ili gundi isishike, akauteremsha ubao juu yake na kuugandisha kwa epoksi. Hivyo taa ndiyo iliyovipanga vishikio vyake, hata kosa la nusu milimita halikupata mwanya. Siku ya pili akaichomoa taa, ndipo akalehemu nyaya. Moto haukukigusa kioo kamwe. Mwisho akapima kwa mita kwamba hakuna vishikio jirani vilivyogusana.

Wazazi wenzetu, jambo hili tusilipuuze: taa hizi huwashwa kwa umeme wa volti 170 hivi, hata kama saa yachukua volti 12 tu ukutani. Ichomoeni, mngoje dakika kadhaa chaji iishe, na watoto wakae mbali. Baadhi ya taa zina zebaki kidogo. Ikivunjika moja, fungueni madirisha na mzoe vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mkono mtupu.

Tulipoizuru nyumba hiyo baada ya kazi kwisha, binti aliizima saa, akangoja, kisha akampa mamake taa ya akiba. Mama akaichomeka polepole, akaingojea iwake.

"Baba yako angelifurahi," akasema.

Tarakimu zikawaka zote nne. Ilikuwa imekaribia magharibi, nasi tukainuka kwenda kutawadha.