Malaysia kwa Mfuko wa Mwanafunzi

Vijana wa kwetu waliokwenda kusoma Malaysia, wakirudi likizo, huulizwa kwanza habari za majengo pacha ya Petronas, yale yenye urefu wa mita 452 katikati ya Kuala Lumpur. Hujibu kwa adabu, dakika mbili hivi, kisha huhamia kwenye chakula, na hapo ndipo mazungumzo yanaponoga. Mimi ni mmoja wao. Nchi ile niliijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa ramani, na bado naona hiyo ndiyo njia ya mkato ya kuielewa, hasa kwa mtu mwenye mfuko mwepesi. Malaysia chakula kitamu ndicho chakula rahisi. Hoteli za ghorofani zina vitambaa vyeupe na mandhari ya jiji. Ladha iko chini, kando ya barabara, kwenye viti vya plastiki.

Kwa nini iwe hivyo? Historia ya nchi inajibu. Malaysia ni vipande viwili vilivyotenganishwa na bahari: rasi inayopakana na Thailand upande wa kaskazini, na majimbo ya Sabah na Sarawak katika kisiwa cha Borneo. Rasi ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza tarehe 31 Agosti 1957, shirikisho la leo likaundwa 1963, na Singapore, iliyokuwamo, ikatoka 1965. Watu wake wamezidi milioni 33. Zaidi ya nusu ni Wamalay, ambao ni Waislamu. Wachina wanakaribia robo. Wahindi, wengi wao Watamil, hawafiki mmoja kwa kila kumi. Kisha kuna makabila ya Borneo na wenyeji wa asili wa misituni.

Wachina na Watamil wengi waliingia wakati wa Mwingereza, Wachina kuchimba bati, Watamil kugema mpira na kujenga reli. Kuala Lumpur yenyewe ilianza 1857 kama kambi ya wachimba bati, pale mto Gombak unapoingia mto Klang. Wengi wa vibarua hao walikuja wanaume watupu, bila mke wala jiko. Mtu aliyetoka shimoni jioni alitaka bakuli la tambi za moto, upesi, kwa senti chache. Wakatokea wachuuzi wa mizega, huku sufuria, huku makaa ya moto. Kwa hiyo kula nje huko kulianza kama haja ya kibarua, na mpaka leo bei imebaki ya kibarua. Mchuuzi hupika chakula kimoja, hichohicho, miaka thelathini. Akizeeka, mwanawe hushika mwiko. Ukipika kitu kimoja maisha yako yote, ni shida usikijue.

Mwanafunzi mgeni huanzia kwa mamak. Hao ni Waislamu wa asili ya Kitamil, na migahawa yao mingi haifungwi usiku wala mchana. Wakati wa mitihani utawakuta wanafunzi wameinamia daftari saa nane za usiku, televisheni ukutani inaonyesha mpira wa Uingereza, na pembeni mpishi anatengeneza roti canai. Huchukua donge la unga wa ngano lililolala kwenye samli, hulibamiza juu ya meza ya chuma, hulishika pembe na kulirusha hewani. Linarudi mezani limepanuka. Hurusha tena, na tena, mpaka linakuwa jembamba hata unaona vidole vyake upande wa pili. Hukunja kingo ziwe mraba, huweka kwenye bamba la moto, na likishaiva hulikusanya kwa viganja viwili na kulipiga, pa! pa!, ili matabaka yaachane. Linaletwa na mchuzi wa dengu. Bei yake ni ringgit mbili hivi, fedha ya huko. Chai yake ni teh tarik, ya maziwa mazito ya kopo, inayomiminwa kutoka kikombe kilichoinuliwa juu ya kichwa mpaka kilichoshikwa kiunoni, ikirudiwa hadi itoe povu.

Asubuhi ni zamu ya nasi lemak: wali uliopikwa kwa tui na jani la pandan, ndugu wa mkadi wa pwani yetu, ukafungwa kwenye jani la mgomba pamoja na sambal ya pilipili, dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai. Mswahili akionja wali haulizi kitu. Kinachomshtua ni sambal, kwa sababu ndani yake mna belacan, yaani uduvi waliotiwa chumvi, wakapondwa, wakaachwa wachachuke na kuanikwa juani. Ikikaangwa, harufu yake hupita milango mitatu. Wiki ya kwanza unafunga dirisha; baada ya mwezi unaitafuta inatoka nyumba gani.

Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huu wa kifungua kinywa, wa nasi lemak, roti canai na teh tarik, katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wamalaysia walishusha pumzi. Mwaka 2020 Singapore ilikuwa imetangulia kuandikisha utamaduni wa wachuuzi wake wa chakula, na ng'ambo ya daraja, Malaysia, kukawa na manung'uniko ya mtu aliyeona kuku wake anachinjwa kwa jirani. Ukitaka kuwaona Wamalay, Wachina na Watamil wakisahau siasa zao na kuwa kitu kimoja, gusa chakula chao. Mwaka 2018 jaji mmoja wa shindano la mapishi la televisheni ya Uingereza alilalamika kuwa rendang ya kuku aliyoandaliwa na mshindani mzaliwa wa Malaysia haikuwa na ngozi kavu ya kutafunika. Rendang haikaangwi; huchemka taratibu kwenye tui na viungo mpaka mchuzi unakauka na kugandamana na nyama. Nchi nzima iliwaka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Najib Razak, naye akatia neno, na hata Waindonesia, ambao kwa kawaida hubishana na Malaysia kuhusu rendang ni ya nani, safari hii wakawa upande mmoja nao.

Mchana mwanafunzi hula nasi campur. Ni meza ndefu yenye karai ishirini au zaidi za mboga na vitoweo; unapewa wali, unajipakulia, unapeleka sahani kwa mama wa kaunta. Yeye haulizi wala hapimi. Anaitupia jicho sahani na kutaja bei. Wanafunzi wana elimu yao hapa, isiyofundishwa darasani: chukua kipande kimoja cha samaki, kisha mchuzi wa karai tatu tofauti, kwa kuwa mchuzi kwa kawaida hauhesabiwi. Mwislamu hana taabu ya kuuliza uliza, kwani alama ya halali ya idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, JAKIM, hubandikwa mlangoni, na vibanda vya Wachina vinavyopika nguruwe hujulikana na havijifichi.

Mlaji akishapata likizo hupanda treni kwenda kaskazini, saa nne hivi hadi Butterworth, kisha kivuko hadi George Town katika kisiwa cha Penang. Mji huu na Melaka viliingizwa pamoja katika urithi wa dunia mwaka 2008 kwa ajili ya majumba yake ya kale, lakini nusu ya watu unaowakuta mitaani hawatazami majumba, wamepanga foleni. Laksa ya Penang ni mchuzi wa samaki wa bangra uliokolezwa ukwaju, mzito kwa minofu iliyopondwa, juu ya tambi nene za mchele, pamoja na nanaa, vipande vya nanasi na kijiko cha uji mweusi wa uduvi. Hauna tui hata tone. Uchachu wake unakukamata taya. Na nasi kandar, wali wa wachuuzi Watamil waliokuwa wakiubeba kwa mzega bandarini, huliwa kwa kumwagiwa michuzi minne au mitano mpaka wali uelee. Watu wa Penang wanajiona wao ndio wenye chakula cha nchi, na wivu huo umeingia hata serikalini: mwaka 2016 jimbo lilianza kukataza wageni kuwa wapishi wakuu wa vyakula vya asili kwenye vibanda vya wachuuzi. Mimi naona ni hofu iliyozidi, kwani bakuli lenyewe ni kazi ya wajukuu wa wahamiaji. Lakini nimekula pale, na hofu yao naielewa.

Melaka iko kusini, mwendo wa basi wa saa mbili hivi kutoka Kuala Lumpur. Mtu wa Mombasa atajisikia nyumbani, kwa maana Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593 ndio waliouteka mji huu mwaka 1511 na kuacha ngome yao, ambayo leo limebaki lango tu. Upishi wa Melaka ni wa Peranakan, kizazi cha Wachina wa zamani waliooana na wenyeji: mkono wa Kichina, viungo vya Kimalay. Mwishowe unakula cendol, barafu iliyoparuzwa juu ya vitonge vya kijani, tui zito na sukari guru ya mnazi.

Upande wa mashariki, Kelantan, ndiko nilikokwenda kwa basi la usiku na mwenzangu wa chumba, kwao Kota Bharu. Soko kuu la huko linaitwa kwa jina la Bibi Khadija, mke wa Mtume, na wauzaji wake karibu wote ni wanawake, wamekaa juu ya majukwaa katikati ya lundo la bidhaa. Wali wao wa nasi kerabu ni wa buluu, rangi ya ua la mtambaa, na huliwa na majani mabichi, nazi iliyokaangwa na samaki. Mama wa mwenzangu aliponiona nimesita, alinisogezea kibakuli cha budu, mchuzi wa dagaa waliochachuka, akasema: "Kula, nak (mwanangu). Bila hii hujafika." Nikala.

Kula nje hakutoshi, na mwanafunzi mwenye hamu ya jiko hapumziki mpaka apike. Bweni letu halikuruhusu jiko la aina yoyote, kwa hiyo tulihamia nyumba ya kupanga, wanne, na Jumamosi ikawa siku ya soko. Hapo ndipo Malaysia ilipoacha kuwa ugenini. Nazi hakuna anayeikuna kwa mbuzi. Muuzaji huitia kwenye mashine, akakukamulia tui mbele ya macho yako na kukufungia kwenye mfuko. Bamia, biringanya, mchaichai, ukwaju, mihogo, vyote vipo. Hata kisamvu kipo, wanakiita pucuk ubi, na wanakipika kwa tui kama sisi, ila wao huacha majani mazima. Niliwapondea wenzangu kisamvu cha kwetu katika kinu chao kidogo cha jiwe, fungu baada ya fungu, nikakipika na karanga, na yule wa Kelantan akakila kimya, kisha akaenda jikoni kuleta budu. Ugali ndio ulikuwa mtihani. Unga wa mahindi unaouzwa madukani ni ule laini mweupe wa kugandishia mchuzi, hauna msimamo. Wengi wetu tuligeukia semolina.

Mlaji hapaswi kuikosa Ramadhani. Alasiri barabara hufungwa, vibanda hupangwa mistari mirefu, na katika msikiti wa Kampung Baru, Kuala Lumpur, hupikwa masufuria makubwa ya bubur lambuk, uji wa mchele wenye nyama na viungo, unaogawiwa bure. Mwanafunzi aliyeishiwa hela mwezi huo hanyong'onyei.

Kuna upande mwingine, na haifai kuufunika. Vinywaji vyote ni vitamu kupita kiasi, na usipotamka kwamba hutaki sukari, utaipata. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2019 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana kisukari, na mwaka huohuo serikali ilianza kutoza ushuru vinywaji vyenye sukari nyingi vya viwandani. Chai ya mamak haikuguswa.

Matunda ni habari nyingine. Shokishoki na doriani tunavijua Unguja, lakini doriani ya Malaysia ina majina na vyeo, kama aina za kahawa. Ile ya Musang King, manjano iliyokolea, ina bei ya kumfanya mwanafunzi achange na wenzake. Wakulima hawaichumi. Huisubiri ianguke yenyewe usiku, na asubuhi ikaletwa mjini kwa gari. Hoteli hubandika picha yake mlangoni, imepigwa mstari mwekundu, kuikataza kwa harufu yake.

Borneo niliiacha mwisho kwa sababu ya nauli. Ukitua Kuching, mji mkuu wa Sarawak, pasipoti yako hukaguliwa upya ingawa hujatoka nchini, maana jimbo hilo lina mamlaka yake juu ya wanaoingia. Unachofuata ni laksa ya huko, isiyo na undugu na ile ya Penang: tambi nyembamba, tui, viungo vingi vilivyosagwa, kamba, kuku aliyechambuliwa na vipande vya yai la kukaanga, na ndimu ya kukamulia. Ni chakula cha asubuhi, na vibanda vingi humaliza sufuria kabla ya adhuhuri. Anayefika saa saba mchana huambiwa arudi kesho, kwa hiyo tiketi ya kurudi akate ya keshokutwa.