Fizi: Bashi ya pikapu inalinda unga, lakini abiria walio chini yake je?

Baraka, Kivu ya Kusini. – Kabla pikapu haijatoka Baraka kuelekea Fizi-centre, dereva anayeijua njia hutazama magurudumu, kisha hutazama mawingu upande wa milima. Baraka iko kando ya ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Jua linaweza kuwa kali pale sokoni wakati huko juu mvua imekwisha kuanza. Barabara ni ya udongo. Gari likinasa kwenye matope katikati ya mlima, hakuna pa kulificha, na mzigo unabaki hapo ukipigwa na mvua mpaka watu walisukume litoke.

Hapo ndipo bashi inapojulikana kama ni bashi kweli. Mfuko wa unga wa mihogo ukilowa, hauna tena bei ya unga. Mama aliyenunua mifuko mitano kwa pesa aliyokopa katika AVEC atarudi kwenye kikao cha wiki inayofuata akiwa na deni mkononi na hana cha kuuza. Atamdai dereva, dereva atasema mvua ni ya Mungu, na ugomvi utafika kwa chefu wa kartie. Kwa hiyo swali la bashi gani ya kununua si swali la mwenye gari peke yake, ingawa ni yeye anayelipa.

Jina ni moja, lakini vitu ni tofauti. Wakaaji wa Baraka husema bashi, Watanzania ng'ambo ya ziwa husema turubai, na chini ya majina hayo mawili kuna bidhaa ambazo hazifanani kabisa. Ile nyepesi ya bluu, ya plastiki iliyofumwa, ina uzito wa gramu 60 hadi 100 tu kwa kila mita ya mraba. Inapendwa kwa sababu ya bei. Lakini jua linaila: baada ya miezi michache nyuzi zake zinaanza kukatika, upepo unazipiga ncha zake, na siku ya mvua kubwa inapasuka pale pale kamba inapopita. Nzito ni ile ya PVC, ambayo wenye makamio wanaitumia, yenye gramu 500 hadi 900 kwa mita ya mraba. Maji hayapiti, na ikitoboka fundi anaweza kuiziba kwa kipande kingine na gundi. Zamani kulikuwa pia na turubai nene la pamba lililopakwa nta. Hilo likilowa linakuwa zito kupita kiasi, lakini lina sifa moja ambayo plastiki haina: linapumua.

Kuna pia shitingi. Tangu mwaka 2015, wakati kambi ya Lusenda ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, watu wa Fizi wanaijua vizuri ile plastiki nyeupe ya HCR, yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Ni imara kuliko ile ya bluu. Tatizo lake ni maandishi. Pikapu ya biashara inayotembea na alama ya shirika la msaada juu ya mzigo inajiitia maswali kwenye kila barieri, na inachanganya watu kuhusu nani ni nani barabarani. Katika eneo ambalo magari ya misaada yanatakiwa kutambulika kwa mbali, huo si mchezo.

Baada ya aina ya kitambaa, kuna umbo. Pikapu nyingi za huku ni Toyota, Land Cruiser au Hilux. Land Cruiser ya milango miwili ina kitanda cha nyuma chenye urefu wa zaidi ya mita 2, lakini Hilux ya kabini mbili inabakiwa na karibu mita moja na nusu tu. Mwenye gari anaweza kutandika bashi moja kwa moja juu ya mzigo na kuifunga kwa kamba, ama kumwomba fundi wa kuchomelea vyuma ampigie pinde tatu au nne, kisha bashi ipite juu ya pinde hizo kama nyumba.

Hesabu ndogo inasaidia. Bashi ya kutandika kwa Land Cruiser, yenye mita 3 kwa 2,40 ili ishuke kidogo pembeni, ni kama mita 7 za mraba. Kwa PVC ya gramu 650 haifiki kilo 5. Boi-shofere anaikunjua peke yake mvua ikianza. Bashi ya pinde, ikifunika juu, pembeni, mbele na nyuma, inakaribia mita 15 za mraba, yaani kilo 10 hivi, na vyuma vyenyewe havijahesabiwa. Hiyo inataka watu wawili na subira.

Faida ya pinde ni kwamba maji yanateremka. Bashi iliyotandikwa juu ya mifuko inafanya mabonde kati ya mfuko na mfuko, maji yanajikusanya humo, yanakuwa mazito, na mwishoni yanatafuta njia pale kamba ilipokwaruza. Madereva wazoefu wanaweka mifuko ya katikati juu zaidi kuliko ya pembeni, ili mzigo wenyewe uwe na mgongo. Ni ufundi usiogharimu hata franka moja, na unashangaza ni magari mangapi yanaondoka bila kuufanya. Kwa upande mwingine, pinde zilizochomelewa moja kwa moja zinamnyima mwenye gari kazi nyingine: manjanja, mbao, vitanda na pikipiki havipandi tena kwa urahisi. Fundi mzuri atazifunga kwa bolti, zitoke siku zinapozuia.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: bashi isiyopitisha maji haipitishi hata hewa. Ndagala zilizokaushwa nusu, mihogo iliyotolewa majini juzi, mahindi yaliyovunwa na mvua, vyote vina maji ndani. Saa sita mchana chini ya PVC ya rangi nyeusi maji hayo yanageuka mvuke, mvuke unagonga plastiki, na jioni unarudi chini kama matone. Mwenye mzigo anafungua Fizi na kukuta umelowa ingawa mvua haikunyesha. Kwa mahindi na karanga hasara si ya harufu peke yake, kwa kuwa ukungu unaoota kwenye unyevu wa namna hiyo unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo haitoki hata ukipika. Kwa mizigo hiyo bashi ya rangi nyeupe ni afadhali kuliko nyeusi, na inafaa kuinuliwa pembeni kila gari linaposimama na anga ni safi.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, adui ni vumbi, na vumbi halitoki mbele kama watu wanavyodhani. Gari likikimbia, nyuma yake panabaki pengo la hewa ambalo linavuta vumbi la magurudumu na kulirudisha ndani ya kitanda. Ndiyo maana bashi iliyofungwa vizuri mbele na kuachwa wazi nyuma inaleta ndagala zenye mchanga.

Vifuniko vigumu vya fiberglasi au alumini, vinavyokuja na baadhi ya magari yaliyotumika, vinaonekana vizuri na vinafungwa kwa ufunguo. Kwa ofisi inayobeba kompyuta vinafaa. Kwa biashara ya njia hii havina maana kubwa, kwa sababu mzigo wa Fizi hauishii kwenye ukingo wa kitanda. Unapanda juu mpaka kupita kabini. Tena kifuniko kikipasuka kwenye mashimo ya barabara, kipande chake hakipatikani Baraka. Bashi iliyochanika inashonwa siku hiyo hiyo.

Na barieri? Gari lililofungwa kila upande linafunguliwa. Kila kufungua ni dakika, na wakati mwingine ni pesa. Wengine hupendelea bashi ya kutandika kwa sababu hiyo tu: inainuliwa upande mmoja, anayekagua anaona mifuko, inashushwa, safari inaendelea.

Lakini mzigo si unga peke yake. Kwenye njia ya Baraka kwenda Fizi, na zaidi kuelekea Lulimba na Misisi, pikapu ni basi pia. Abiria wanakaa juu ya mifuko wakishika kamba, na mvua ikianza, jambo la kawaida ni kuwavutia bashi juu ya vichwa, watoto wakiwekwa katikati kabisa ili wasilowe. Ni huruma, na ndiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote.

Lile pengo la hewa linalovuta vumbi linavuta pia moshi wa bomba. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi juu ya watoto 20 waliopata sumu ya moshi wakiwa nyuma ya pikapu. Watoto 17 walikuwa chini ya kifuniko kigumu, na 3 walikuwa chini ya turubai. Sumu yenyewe, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Mtoto anaonekana amelala. Ni kweli kwamba magari mengi ya Fizi yanatumia mazutu, na injini ya mazutu inatoa sumu hiyo kidogo kuliko ya esanse. Hata hivyo bomba lililotoboka chini ya kitanda, kwenye mlima, injini ikivuta kwa nguvu na bashi ikiwa imefungwa pande zote, halimwachii mtu hewa safi ya kupumua. Anayebeba watu anahitaji pinde, si bashi ya kutandika, na bashi inayokunjwa juu pembeni zote mbili ili upepo upite kati. Afadhali mtu alowe mabega. Na bomba litazamwe kabla ya bashi kununuliwa. Kazi ya fundi mmoja inaweza kufanya yote mawili siku moja.

Vilevile madumu ya esanse hayafai kukaa chini ya bashi moja na abiria. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unajilaza chini ya kitanda na kungoja cheche. Wakaaji wa barabara hii hawahitaji kufundishwa moto wa mafuta ni nini: tarehe 2 Julai 2010 kule Sange, katika teritware ya Uvira, kamio la mafuta lilipinduka na kuwaka, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha.

Kwa anayekwenda kununua, mita ya fundi ni muhimu kuliko maneno ya muuzaji. Apime kitanda gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, si likiwa tupu, aongeze sentimita 40 kila upande, kisha atazame pete za vitobo. Pete zikiwa za bati jembamba, kutu itazila na kamba itachana plastiki. Zikiwa zimeshonewa juu ya ukingo uliokunjwa mara mbili, zitadumu. Kamba ya nailoni inalegea ikilowa, kwa hiyo wengi wanaiongezea vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tyubu za zamani za magurudumu. Mpira unavuta wakati wote, hata mifuko ikijishindilia njiani.

Hata ikichakaa, bashi haitupwi. Sehemu iliyobaki nzima hukatwa na kurudi nyumbani, ambako mihogo huanikwa juu yake uani, na wingu likionekana watoto huitwa wakunje ncha zake haraka.