Mkeka si Burudani Kabalagala
Uchunguzi wa EPRC, kituo cha utafiti wa sera za uchumi nchini Uganda, uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne jijini Kampala hucheza kamari, na wengi husaka pesa, si burudani. Kwa kijana wa mtaa wa Kabalagala jijini humo asiye na ajira, basi, mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi, ni kibarua kingine. Watasema kila mtu na shilingi yake. Sawa, ila hesabu haina huruma: ukibashiri mechi tano, kila moja nusu kwa nusu, utapatia zote mara 1 tu kati ya 32, na kampuni hulipa chini ya mara 32 ya dau lako. Sheria ya Uganda ya 2016 inawazuia walio chini ya miaka 25 kucheza kamari, lakini katazo hilo halilipi kodi ya chumba.