Kamati ya Ndege Adimu ya Uingereza
Kamati ya Ndege Adimu ya Uingereza ni jopo la wajumbe 10 wenye kura linalochunguza taarifa za ndege wanaoonekana kwa nadra nchini humo. Ilianza mwaka 1959 chini ya jarida la British Birds.

Si kila taarifa hufika kwake. Ndege aliye haba katika kaunti moja tu huamuliwa na wataalamu wa kaunti hiyo. Kamati hushughulikia spishi zilizo adimu nchini kote, kwa sababu rekodi moja ya uongo hupotosha ramani ya msambao wao.

Orodha hubadilika. Yangeyange mdogo (Egretta garzetta), ambaye ni wa kawaida Afrika ya Mashariki, aliondolewa mwaka 1991 baada ya kuongezeka. Mwaka 1996 alizaliana huko Dorset.