Kipimo cha Kokoto kwa Njia ya Nyumbani



Atokaye Mombasa kwa barabara ya Nairobi, akakata kona Kibwezi na kuuvuka Mto Athi, hufika Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui. Ni nchi kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini zinapowadia mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ua hugeuka matope. Jamaa zetu wanaoishi huko walitaka kumwepushia bibi yao adha hiyo, wakaagiza lori moja la kokoto la kutandaza kutoka langoni hadi barazani. Hakuna aliyeuliza lori hilo hubeba kiasi gani. Kokoto ziliishia katikati ya njia. Mvua ikanyesha, na bibi, ambaye hutembea kwa mkongojo, akawa hana budi kubebwa na wajukuu juu ya kiti kila alipotaka kutoka.

Hatuwezi kumlaumu muuzaji: aliombwa lori, akaleta lori. Asiyejua kipimo chake hana la kudai.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mama anayeweza kukadiria mchele wa karamu ataiweza. Pima urefu wa njia na upana wake kwa mita. Ikiwa upana haulingani, pima mahali patatu, jumlisha, kisha gawa kwa tatu. Kina cha kokoto kwa njia ya miguu ni sentimita 10, yaani takriban upana wa kiganja pamoja na gumba. Pa kupita gari, sentimita 15. Zidisha vitatu hivyo. Wengi hukosea hapa: sentimita 10 huandikwa 0.1 ya mita, si 10.

Sehemu iliyobaki kwa jamaa zetu ilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2. Kwa kina cha 0.1, jibu ni mita za ujazo 1.2. Kokoto hushindiliwa na nyingine huzama udongoni, basi waliongeza sehemu moja katika kumi, wakapata 1.32. Mita moja ya ujazo ni madebe 50 ya lita 20, kwa hiyo walihitaji madebe 66, ambayo ni kama tani mbili.

Anayenunua kwa lori na alipime bodi kabla ya kokoto kumwagwa. Bodi yenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.8, kokoto zikisawazishwa hadi kimo cha sentimita 30, hubeba mita za ujazo 1.35. Tusitegemee uzito pekee, kwani kokoto zilizolowa maji huwa nzito zaidi, nasi tutalipia maji kwa bei ya mawe.

Suratul Mutaffifin, sura ya 83, imepewa jina la wale wapunjao vipimo. Twazoea kuisoma tukimfikiria mwenye duka. Lakini mnunuzi naye ana wajibu: aseme kwa uwazi anachotaka, kiasi gani, na kwa bei gani, ili pasibaki mwanya wa dhuluma wala wa kudhaniana vibaya. Tena kuagiza kupita haja ni israfu, na fedha hiyo ingeweza kulipa karo au kununua futari.

Safari hii jamaa zetu waliondoa kwanza udongo laini, wakapanga mawe makubwa kandokando ili kokoto zisitawanyike, kisha wakatandaza madebe yao 66 na kuyashindilia. Yalitosha. Bibi sasa hutoka barazani hadi langoni kwa mkongojo wake, bila kubebwa na mtu, na kila apitapo huwaombea dua wajukuu.

Wabillahi tawfiq.