Mhaya, Mziba na Mnyaihangiro: Juu ya Kuundwa kwa Majina ya Watu na Nchi Zao

Kijana wa Bukoba au Muleba aanzapo kujifunza Kiingereza hukutana mapema na jambo lionekanalo kama ukaidi wa lugha ile. Mtu wa Tanzania huitwa "Tanzanian", wa Uchina "Chinese", wa Uingereza "English", na wa Pakistani huitwa "Pakistani" tu. Kijana hutafuta kanuni asiione, kisha hujisemea kwamba Kiswahili ni chepesi mno: Mtanzania, Mchina, Mwingereza, Mpakistani, m- mbele na kazi imekwisha. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Maana kijana huyohuyo azungumzapo Kihaya na bibi yake, au awatajapo tu majirani wa mkoa wake, hutumia miundo isiyolingana hata kidogo, wala haimsumbui, kwa sababu aliizoea kabla ya kujua kuuliza.

Yafaa kuanza na Kiingereza. Miisho yake ni alama za njia ambazo majina yalipitia. Mwisho "-ish" ndio wa asili, urithi wa lugha za jamii ya Kijerumani, na kwa hiyo aghalabu huonekana katika majina ya watu ambao Waingereza waliwajua tangu zamani: "Danish", "Swedish", "Spanish", "Turkish". Hata "French" na "Dutch" yana mwisho huohuo, ila umelika kwa kutamkwa karne nyingi. Mwisho "-an" ni wa Kilatini, lugha ya kanisa na ya wasomi wa Ulaya, nao ndio uliopendelewa kwa majina mapya. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania zote zimeuchukua. Mwisho "-ese" pia una asili ya Kilatini, lakini ulikuja kwa vinywa vya Waitaliano na Wareno waliotangulia kufanya biashara ya Mashariki. Ndipo watu wa Uchina na Japani wakaitwa hivyo. "Congolese" limetokana na namna Wafaransa wanavyolitamka jina hilo. Mwisho "-i", kama katika "Omani" na "Iraqi", ni wa Kiarabu.

Huo wa mwisho Waswahili wanao pia, tena nyumbani kabisa. Jina "Mswahili" lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, likatiwa -i ya Kiarabu nyuma, kisha m- ya Kibantu mbele. Mshirazi na Mbulushi ni hivyohivyo. Asemaye, basi, kwamba Kiswahili hakina miisho ya namna hii amesahau jina la lugha aisemayo.

Sasa Kagera. Katika Kihaya mtu mmoja ni Omuhaya, wengi ni Abahaya, lugha ni Oruhaya, nchi ni Buhaya. Shina ni moja, na viambishi vya mbele hugawana kazi. Kiswahili kimefuata mpango huo kwa viambishi vyake: Mhaya, Wahaya, Kihaya, Uhaya. (Wengi huandika Muhaya, nao wana sababu, kwa kuwa m- kabla ya h haitamkiki kwa urahisi.) Masimulizi husema kwamba hapo kale jina hili lilikuwa la wavuvi wa ukingo wa ziwa tu, watu wa bara walijitaja kwa nchi za watawala wao, yaani Kiziba, Ihangiro, Kianja, Kiamtwara na nyinginezo. Baada ya Emin Pasha kujenga kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890, nchi hizo zilikuja kutawaliwa kutoka boma moja, na jina moja likaenea juu ya wote.

Majina ya nchi zile ndiyo yenye mafunzo. Kiziba iko kaskazini, kuelekea mpaka wa Uganda. Mswahili wa pwani akilisikia jina hilo atadhani ni lugha, kwa kuwa kwake ki- ya namna hii ni ya lugha, kama Kihaya na Kizaramo. Sivyo. Hapa ki- imeunda jina la nchi. Watu wake ni Abaziba, na usemi wao ni Oruziba. Hermann Rehse, Mjerumani aliyetoa kitabu mwaka 1910 juu ya nchi hiyo na watu wake, alikiita "Kiziba", wala hakukusudia lugha. Atakaye kuutaja usemi wa Waziba kwa Kiswahili hujikuta ametumia neno lilelile la nchi, na msikilizaji abaki kukisia.

Ihangiro, ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Muleba, ina mwendo mwingine. Watu wake si Abahangiro bali Abanyaihangiro. Silabi nya huingizwa kati, ikimaanisha "wa" au "mwenye", na jina la nchi hubaki zima. Wataalamu wa kigeni walioorodhesha semi za Kihaya waliikata i- wakaandika "Hangiro", kwa kupenda mashina yaliyo uchi, wenyeji hawakuikata. Karagwe nayo imekwenda njia ya tatu: nchi ni Karagwe, watu ni Wanyambo, lugha ni Kinyambo, na majina hayo hayana shina moja. Mwingereza amwitaye mtu wa Uholanzi "Dutch" hana la kumcheka mtu wa Karagwe.

Je, nya huingia lini? Majirani wawili wa magharibi watasaidia. Mtu wa Burundi ni Mrundi, na mtu wa Rwanda ni Mnyarwanda. Hakuna asemaye Mnyaburundi. Sababu ni kwamba bu- ya Burundi ni kiambishi kinachotambulika, sawa na bu- ya Buhaya na Buganda. Huondolewa, na mahali pake huwekwa cha mtu. Katika Rwanda silabi ya mwanzo, ambayo hufasiriwa kuwa ilikuwa kiambishi ru-, imegandamana na shina hata haibanduki. Kwa hiyo jina zima huchukuliwa na kutanguliwa na nya. Kanuni hii haishiki kila mahali, maana i- ya Ihangiro ingeweza kubanduliwa kama ki- ya Kiziba ilivyobanduliwa, nayo ikaachwa. Mazoea ya watu yana nguvu kuliko kanuni.

Kuvuka kwenda kaskazini kuna tatizo jingine. Misafara ya pwani katika karne ya 19 iliigeuza Buganda kuwa Uganda, kwa kuwa u- ndiyo ya nchi katika Kiswahili. Wazungu wakalipokea jina hilo, likaja kuwa la nchi nzima. Leo Mnyankole wa Mbarara ni Mganda kwa uraia, wala si Mganda kwa kabila. Kiingereza hutenganisha mawili hayo: raia ana mwisho "-an", na mtu wa kabila huachiwa jina lake la asili, Muganda. Hapo mwisho ule wa Kilatini unafanya kazi ambayo m- ya Kiswahili haifanyi.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2013 Serikali iliagiza wahamiaji wasio na vibali waondoke Kagera, na mwezi wa Septemba Operesheni Kimbunga ikaanza. Neno "Mnyarwanda" lilikuwa midomoni mwa watu wengi siku zile, nalo lilibeba maana tatu kwa pamoja: raia wa Rwanda, mtu asemaye Kinyarwanda nyumbani kwake, na mtu ambaye babu yake alivuka mpaka miaka mingi iliyopita. Mtu wa maana ya pili au ya tatu aweza kuwa Mtanzania halali, lakini jirani amtajapo kwa jina hilo hana njia ya kuonyesha ni ipi aikusudiayo, na afisa asikiaye hana njia ya kuijua. Kiingereza kingesema "Rwandan" kwa raia, na kwa wengine Banyarwanda. Kiswahili hakikosi dawa: husema "raia wa Rwanda". Ni maneno matatu badala ya moja, na mtu mwenye haraka huyaruka.

Bukoba yenyewe, kwa ajabu, haikuguswa na mabadiliko haya. Pwani iliigeuza Buhaya ikawa Uhaya, na Buganda ikawa Uganda, lakini hapana aliyewahi kusema Ukoba, wala hapana Mkoba kwa maana ya mtu, labda kwa kuwa neno hilo lilikwisha kupewa mfuko. Aliyezaliwa mjini pale husema tu kwamba ni mtu wa Bukoba.